Bi. Kanyiva Mulinge Kitheka, Aliyeitwa Syombua (1961–2025)

Ndugu, jamaa na marafiki, tuanze na jina, maana jina ndilo lililomsumbua. Tunayemzika leo hapa Nunguni, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, ni Kanyiva. Syombua alikuwa mtu wa redio tu. Tunajua wengi wenu mmetoka mbali kumzika huyo Syombua. Karibuni, lakini kaeni kwanza msikie habari za huyu mwingine.

Kanyiva alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kule Migwani, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mulinge Munyao na marehemu Mama Mbinya. Wawili waliomtangulia walikuwa wavulana, kwa hivyo yeye ndiye aliyelipata jina la nyanya mzaa baba. Aliringa nalo tangu utotoni. Alipenda kusema kwamba mtu hafi akaisha ikiwa jina lake limepata mtoto wa kulibeba, na alisema hivyo hata kabla hajajua maneno hayo yatakuja kumuuma namna gani.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1975, kisha akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne. Hakuwa hodari sana wa hesabu. Uhodari wake ulikuwa kooni. Krismasi ya mwaka 1973 kanisa lilifanya igizo, na mfalme Herode akakosekana kwa sababu mvulana aliyepangwa alishikwa na haya. Kanyiva akavaa shuka, akapaza sauti akiamuru watoto wauawe, na mama mmoja mzee akamngojea mlangoni akamchapa na kiondo. Alituhadithia kisa hicho miaka mingi huku akicheka mpaka machozi. Baadaye aliacha kukihadithia.

Mwaka 1981 alianza kufundisha chekechea. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa kanisani na Bwana Kitheka, fundi cherehani wa hapa Nunguni, mtu mpole aliyependa kumsikia akiongea. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kimeu, mwaka 1987. Bwana Kitheka alitutoka mwaka 2003, na nyumba ikawa kimya.

Pengine ni kimya hicho kilichomfanya aende kwenye kituo cha redio cha Kitui kujaribiwa sauti. Tarehe 6 Machi 2006, saa saba na nusu mchana, ukaanza ule mchezo wa redio, *Boma la Syombua*, na Kanyiva ndiye aliyekuwa Syombua, mama mkwe aliyempa mke wa mwanawe uji wenye sumu siku ya tatu baada ya kujifungua. Kila wiki alilala siku mbili kwa dada yake Kalunde huko Migwani ili arekodi vipindi vya wiki nzima.

Nani hapa hakusikiliza? Majembe yalilazwa mashambani. Wenye maduka waliongeza sauti, na mteja aliyeuliza bei alinyamazishwa. Madereva wa malori walipanga kuwa wameegesha Mtito Andei saa hiyo. Wahubiri waliukemea mchezo Jumapili, na ilionekana wazi kwamba hakuna kipindi kilichowapita. Mwanamke mchoyo akaitwa Syombua, na ng'ombe mwenye pembe kali pia. Mchezo ulifanya mema, tusiukatae: wake wengi waliokuwa wakiteswa na mama wakwe walipata pa kuanzia kusema. Lakini pia mama wakwe wasio na hatia walirudishiwa vibuyu vyao vya uji vikiwa vimejaa. Watu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwaka 2014 Kimeu na mkewe Shiru walipata mtoto msichana huko Mtito Andei, ambako wazazi wa Shiru, Mzee Wanyoike na Mama Nduta, wana hoteli. Sisi na wao ni makabila mawili, na tunabishana mengi. Chakula kilekile cha mahindi na maharagwe sisi tunakiita isyo na wao githeri. Kwa jina la msichana wa kwanza, hata hivyo, hatubishani: kwetu na kwao, ni la mama yake baba. Kanyiva alikoroga uji wa wimbi, akaujaza kwenye kibuyu, akaenda kumwona mwenye jina lake. Mama Nduta alimpokea mlangoni.

"Mama Kimeu, usikasirike, lakini hii uji Shiru hawezi kunywa."

"Ni ya wimbi, mama. Nimekoroga mimi mwenyewe."

"Hata Syombua alisema ni ya wimbi."

Kanyiva akamimina kikombe akanywa chote mbele yao. Mama Nduta akatikisa kichwa.

"Hata kwa redio alianza kukunywa yeye."

Ilikuwa kweli. Kila alichoweza kufanya kuthibitisha kuwa ni mtu mwema, Syombua alikuwa amekitangulia. Mtoto akaitwa Nduta, jina la mama yake Shiru. Kanyiva alirudi Nunguni na kibuyu chake kikiwa kimepungua kikombe kimoja tu.

Alimwendea Bwana Mutisya, mtayarishaji wa mchezo, akataka kuacha. Mutisya akamsihi. Wakakubaliana kwamba Syombua aokoke. Kanyiva alirekodi toba ile akilia machozi ya kweli, akitumaini kwamba Shiru angesikia. Wasikilizaji wakapiga simu kwa hasira: huyo anajifanya! Haukupita muda, waandishi wakaandika kwamba kweli alikuwa anajifanya. Mwaka 2019 wakamwandikia hata kifo: Syombua akafa, akaliliwa, kisha akainuka kwenye jeneza wakwe walipoanza kugawana shamba. Siku hiyo soko la Nunguni lilicheka mpaka jioni. Kanyiva alizima redio akalala bila kula.

Mchezo uliisha Ijumaa tarehe 28 Juni 2024. Kituo kilipata mmiliki mpya, na Jumatatu saa saba na nusu ukapigwa muziki. Hakuna aliyekumbuka kumsamehe Syombua.

Mwezi wa Novemba mwaka huo Kanyiva aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Wodini alitambuliwa kila alipofungua kinywa, na wagonjwa wakaomba wahamishwe vitanda, wengine kwa mzaha na wengine bila mzaha. Kufikia Mei sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Asubuhi moja muuguzi kijana, mgeni pale, alisoma kadi iliyokuwa kitandani akasema, "Kanyiva, umeamkaje?" Kanyiva alimshika muuguzi huyo mkono, akakataa kumwachilia. Kalunde alikuwepo, na anasema hakuwahi kumwona dada yake akilia hivyo.

Mwezi wa Agosti Shiru alikuja na mtoto. Aliomba msamaha akiwa amepiga magoti. Kanyiva alimwekea mkono kichwani, kisha akaunyoosha kwa mjukuu. Mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Hatumlaumu, hayo ndiyo aliyolelewa nayo. Mkono ulikaa hewani kwa muda, kisha ukarudi juu ya blanketi.

Kanyiva alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri. Tulipeleka tangazo redioni, tukitaja na jina la Syombua ili watu wamjue, na likasomwa mchana, saa ileile ya mchezo. Simu zikaanza kuingia: "Woi! Mchezo umerudi!" Sokoni watu walipiga makofi. Kimeu alikuwa hapo akinunua misumari.

Ameacha mwana mmoja, Kimeu. Mkaza mwana, Shiru. Mjukuu mmoja, Nduta. Na dada yake, Kalunde. Hakuna mtoto aliyebaki na jina lake. Asubuhi ya leo mjukuu alishika karatasi ya ibada, akatazama picha, akamuuliza baba yake, "Kanyiva ni nani?" Haya yote yameandikwa ili awe na la kusoma akiwa mkubwa.

Sasa nyinyi mliosimama kule nyuma kwenye ua, na simu mmeziinua tangu jeneza lifike. Tunajua mnachongoja. Haamki. Ziwekeni chini, sogeeni mtie udongo, na mnapotia, mwiteni kwa jina lake.

Kanyiva, pumzika mama. Umemaliza.