Jinsi Nilivyotolewa Kwenye Ukuta wa Mama Bhoke

Bwana asifiwe! Na ninyi wa benchi la mwisho, mnaoitikia kwa kutikisa kope tu, Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, najua mmezoea shuhuda zenye ajali na majambazi. Wangu una ukuta. Nianze na aibu yenyewe, ili nikishaisema mimi mwenyewe asibaki wa kunong'ona: nilikula ukuta wa jiko la jirani yangu. Sisemi kwa mafumbo. Ukuta wa miti na udongo, uliosimama, wenye mwenyewe, na mwenyewe akiwa hai. Nilikuwa naubandua kwa kidole na kuutafuna.

Msinitazame hivyo. Ngojeni niwaeleze nilifikaje huko.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaonifahamu hapa Igogo wanajua hata sokoni huwa naenda kwa kusukumwa. Furaha yangu ilikuwa kiti, redio na birika la chai ya rangi, iliyokolea mpaka kijiko kinaogopa kuingia. Asubuhi mkate na chai. Mchana chakula na chai ya kukisukumia. Jioni chakula na chai ya kukisindikiza. Mume wangu, Baba Kulwa, alipopunguzwa kazi kiwandani aliingia kwenye mitumba, na biashara ikamkubali. Basi nikajiona nimepanda daraja! Madukani kumejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, mkate mweupe laini, siagi ya kopo, biskuti za rangi rangi. Nikatangaza kwamba nyumba yangu imeagana na dagaa.

Ninyi wenyewe mnaona. Sangara anapanda ndege kwenda Ulaya akiwa minofu, sisi tunaachiwa mapanki, kichwa na mifupa. Dagaa wananunuliwa magunia kwa magunia na wafuga kuku. Nikasema, mimi niliyefika kidato cha nne, nile chakula cha kuku? Mchicha na matembele nikayaita mboga za kijijini. Tukawa watu wa wali mweupe, kabichi nyeupe, mkate mweupe. Ndugu zangu, kuku wa Igogo wakawa na damu kuliko mimi!

Kisha nikapata mimba. Kulwa na Doto walikuwa bado wadogo, na mapacha wale walikuwa wameninyonya mpaka nikabaki gauni. Mnajua nyumba zetu zilivyokaa juu ya mawe. Kupanda kutoka barabarani nilikuwa napumzika kwenye kila jiwe, moyo unadunda kama ngoma ya kwaya ya vijana. Nikadhani ni uvivu wangu wa kawaida, maana huo ninao.

Na udongo ukaniita. Nilianza na pemba, vile vipande vya udongo wanavyouziwa wajawazito sokoni. Hilo si geni, akina mama humu ndani najua mnanielewa, usiangalie pembeni dada. Lakini mvua ikanyesha. Jiko la Mama Bhoke limegeukia mlango wangu wa nyuma, na ukuta ulipoloa, ile harufu! Nikabandua kipande cha ukubwa wa ukucha. Kesho yake, cha ukubwa wa kidole. Shimo likakua, nikaliegeshea ufagio.

Mama Bhoke akaliona. Ni mama wa Kikurya, mtu mzima, haongei kwa kuzunguka. Akaniambia, "Mama Kulwa, panya wa mwaka huu wana meno." Nikamjibu, "Pole sana mama, ni wakorofi kweli." Akatega mtego mbele ya shimo, na chambo akaweka dagaa. Sasa sikilizeni mtu aliyefungwa anavyokuwa. Nilimsogeza yule dagaa pembeni taratibu, kwa kijiti, nikala ukuta!

Jumapili moja, hapa hapa, tukiwa kwenye pambio, nilianguka. Mlishangilia, nawakumbuka. Mlidhani nimeshukiwa na Roho! Mama mchungaji ndiye aliyeinama, akanishika mkono, akasema, "Jamani acheni kupiga makofi, huyu amezimia." Mkaniombea, Mungu awabariki. Na mchungaji akasema neno ambalo silisahau: "Tumeomba. Kesho kliniki."

Kliniki nesi akanivuta kope la chini akachungulia. "Mama, humu ndani kweupe kama chaki." Akapima damu, akasema, "Sikufichi. Damu yako iko chini sana. Ukijifungua ukiwa hivi, ikitoka kidogo tu, huna akiba. Tutakupoteza."

Ndugu zangu, hapo sikucheka. Niliwawaza Kulwa na Doto, wasiojua hata kufunga vifungo vya shati. Na habari ya kuongezewa damu ya mtu mwingine, kwa maradhi haya yaliyoingia, kila mtu anaiogopa. Nesi akanipa vidonge na kuniambia nile vyakula vya kuongeza damu. Nikaitikia, "Ndiyo nesi," nikaondoka bila kuuliza ni vyakula gani. Msomi anaulizaje? Kidato cha pili nilichora chembe nyekundu za damu kwenye Biolojia, mwalimu akaniandikia "vizuri sana".

Basi msomi akarudi nyumbani akafikiri: damu ni nyekundu, kwa hiyo nitakunywa chekundu. Nikanunua soda nyekundu. Nikapaka jemu nyekundu kwenye mkate mweupe. Vidonge vya nesi nikavimeza, navyo nikavisukumia kwa chai. Niliporudi kupimwa, damu ilikuwa pale pale, na tumbo linazidi kwenda mbele. Nilitoka pale nikilia. Nikafika nyumbani, nikapitiliza moja kwa moja ukutani.

"Mama Kulwa!"

"Abee mama, shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Namwangalia panya."

Mama Bhoke akanisogelea, akanigeuza uso kwenye mwanga. "Panya huyu amevaa kitenge," akasema, "na masharubu yake ni ya udongo wangu." Akacheka mpaka akashika goti. Halafu akakamata viganja vyangu, akavigeuza, akaacha kucheka. Vilikuwa vimepauka kama unga. "Vaa viatu," akasema. "Tunarudi huko huko."

Tulipofika hakungoja hata salamu. "Nesi, huyu ananila jiko!" Benchi zima la wajawazito likaangua kicheko, mmoja akaomba apelekwe kwanza chooni. Nesi hakucheka. Akaniuliza ninakula nini, moja baada ya jingine, nami nikataja kwa maringo: mkate, wali, kabichi, soda.

"Na chai?"

"Kidogo."

"Kidogo cha ndoo," akasema Mama Bhoke.

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguliwa. Nesi akaniambia kwamba ile tamaa ya udongo mara nyingi huja kwa mtu aliyeishiwa damu, na kwamba udongo wenyewe hausaidii, unazidi kuzuia damu isijengeke na unaweza kuleta minyoo. Soda nyekundu ni sukari na rangi. Damu inajengwa kwa madini ya chuma, na madini hayo yako kwa dagaa, samaki na nyama kila ukiipata. Yako pia kwenye maharage, choroko, mchicha na matembele, ila hayo ya mimea ni mazito kuingia mwilini, yanataka kusaidiwa na ndimu, chungwa, pera au embe. Na chai? Chai inayakamata yale madini tumboni kabla hayajafika popote. "Kunywa saa nzima kabla ya kula, au mbali kabisa baada ya kula," akasema. "Na vidonge umeze kwa maji." Yaani nilikuwa naingiza kwa mkono mmoja na kufukuza kwa mwingine, birika likiwa katikati!

Ndugu zangu, msidhani mapepo yote yanapiga kelele. Langu lilikuwa na mfuniko na mdomo wa kumiminia. Siku za kwanza bila chai kichwa kiliniuma, nikawa mkali kama siafu. Nilipiga magoti mbele ya birika lile na kusema, Bwana, mimi siwezi, niondoe hapa! Baba Kulwa akaja, akalichukua, akalipandisha juu ya kabati nisikofika. Mungu anatumia watu. Na Mama Bhoke akaukandika ukuta wake upya, safari hii amechanganya samadi ya ng'ombe, nyingi, akanigongea mlango na kusema, "Tayari. Karibu ule."

Sikwenda.

Nikaenda sokoni kwa miguu yangu, nikanunua dagaa, mchana kweupe, mbele ya wafuga kuku. Nikawakaanga kwa nyanya na kitunguu, nikawakamulia ndimu. Pembeni matembele. Nilipoonja nikaongeza tonge. Nilikuwa nimesahau jinsi kilivyo kitamu kitu nilichokidharau! Kulwa na Doto walipigania sufuria. Siku ya pili maharage na pera. Baba Kulwa akipata kipande cha nyama anasema chote kiende kwa mwenye tumbo. Ule wito wa udongo ukafifia, hata mvua iliponyesha nikaisikia kama mvua. Na mara ya mwisho nesi aliponivuta kope alisema, "Sasa humu ndani kuna mtu."

Siku ya kujifungua damu ilitoka, ndugu zangu. Ilitoka hasa, nikawaona wakunga wanatazamana. Nilijua wanachowaza, nami nikawaza hicho hicho. Lakini ilikuwepo ya kutoka na ikawepo ya kubaki! Nikamsikia mtoto analia, nikajisikia na mimi nalia, tukalia wote wawili tukiwa hai. Ndiye huyu Shija mnayemwona, mdogo wa mapacha, mwenye sauti ya kipaza sauti.

Namshukuru Mungu aliyeniumba kwa udongo na akanikataza kuurudia kabla ya wakati. Nawashukuru ninyi mlioniombea, na mchungaji aliyejua maombi na kliniki havigombani. Na wewe dada unayechoka bila kazi, wewe mwenye kipande cha pemba ndani ya pochi hivi sasa, nakusihi: mtumaini Bwana, nenda ukapimwe, na usione haya kula dagaa. Amewaweka ziwani kwetu, karibu na mlango.

Jana nilikuwa nawafanyia wageni mazoezi ya ushuhuda huu nyumbani. Shija ananyonya, mimi nimenyanyua mkono, nimefika kwenye wakunga, machozi yananitoka, na sahani yangu imepoa mbele yangu. Mama Bhoke akainuka, akanisogezea ile sahani mpaka kifuani, akasema:

"Mama Kulwa, mtoto hanyonyi ushuhuda. Kula."