Sista Simama, Mchoraji wa Mishipa

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Huo ndio utumishi wa muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya mishipa, anayestaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana majina matatu marefu. Kazini tunamfahamu kwa moja tu, Sista Simama.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mshipa wa mguu uliovimba huonekana vizuri mtu akiwa amesimama. Akilala, damu hurudi juu na mshipa hunywea kana kwamba haujawahi kuwepo. Kwa hiyo kila mgonjwa, awe mpishi au mkurugenzi mwenye tai, alisalimiwa, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaamriwa asimame juu ya kigoda. Sista alipiga magoti na kalamu yake nyeusi, akaufuata mshipa kona kwa kona, kutoka pajani hadi kifundoni. Bila ramani hiyo daktari angebaki kupapasa.

Alianza kazi enzi za kisu, mgonjwa alipochanwa kinenani, mshipa ukachomolewa mzima, naye akarudi nyumbani akichechemea baada ya siku kadhaa. Miaka kumi na minne iliyopita ilipoletwa mashine ya joto, wengi wetu tuliitazama kwa jicho la pembeni. Eti mrija mwembamba uingie kwenye tundu dogo, mshipa uunguzwe kwa ndani ujifunge, na mgonjwa aende zake kwa miguu siku hiyohiyo! Tulidhani ni porojo za wauzaji. Sista alienda mafunzoni wiki sita, akarudi na daftari limejaa.

Siku ya kwanza tuliumbuka. Mimi ninayeandika haya, wakati huo mgeni kazini, niliusugua mguu wa mgonjwa kwa spiriti kwa bidii zangu zote, nikaifuta ramani yote. Sista hakunifokea. Alimshusha mgonjwa kutoka kitandani, akamwomba radhi, akamsimamisha tena kigodani na kuchora upya. Kuanzia hapo kazi ya kujaribu kama kalamu mpya zinastahimili spiriti ikawa yangu, na ngozi ya kujaribia ikawa ya mkono wangu. Mume wangu alikaa wiki nzima akiuliza nani ananichorachora.

Miaka mitano iliyopita Sista aliacha magauni, akawa mtu wa suruali. Tukamtania kwamba ujana umemrudia. Kumbe chini ya suruali alikuwa na kidonda cha mishipa, miezi tisa hakijapona, na mumewe, fundi saa, ndiye aliyekifunga bandeji kila asubuhi, akiwa ameapishwa asimwambie mtu. Sista aliogopa kwamba wakubwa wakijua watamstaafisha mapema, naye kazi hii aliipenda kupita kiasi. Siri ilifichuka siku damu ilipopenya kwenye soksi, katikati ya kliniki.

Daktari wetu alimwandikia rufaa ya hospitali kubwa. Aliikataa. Alisema kama chumba chetu kinawatosha wagonjwa, na yeye kitamtosha, na kwamba wa kumchora ni mimi.

Nilipiga magoti na kalamu, nikachora. Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo, akanionyesha tawi nililolisahau nyuma ya goti, nami nikaliongeza. Akachomwa sindano za ganzi, na dakika arobaini baadaye mshipa ulikuwa umefungwa. Alasiri alitembea hadi kituo cha basi na soksi zake za kubana, mumewe akimbebea mkoba. Wiki ya nane kidonda kilikuwa kimefunga, na hakuna aliyethubutu tena kutaja kustaafu mapema. Baada ya hapo, kwa mgonjwa yeyote aliyeingiwa na woga, Sista alipandisha suruali yake mwenyewe akamwonyesha kovu.

Ametuachia wauguzi kumi na mmoja wanaojua kuchora, na wagonjwa zaidi ya elfu mbili wanaotembea bila maumivu. Tunatamba naye, na hatuoni haya kusema.

Dada, tunakutakia siku nyingi za furaha, wewe na fundi wako. Asante kwa kutufundisha kazi. Na asante zaidi kwa asubuhi ile ambapo wewe, unayeyajua makosa yetu yote, ulilala kwenye kitanda chetu ukafumba macho.