Kimya cha Katikati ya Nyimbo

Zimeni hiyo redio ya jikoni, mfunge na dirisha la uani, kisha mje mkae karibu, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mlangoni na sina nguvu ya kurudia neno mara mbili. Wewe kifungua mimba wangu, dereva, kaa kwenye kiti cha marehemu mama yako, na usitazame saa, lori halitaondoka bila wewe. Wewe fundi cherehani, acha kunifunikafunika, mimi si nguo ya mteja. Na wewe muuguzi wangu, binti wa marehemu mdogo wangu, mtoto niliyekupokea ukiwa na miezi mitano ukaniita Baba kabla hujajua kuita kitu kingine chochote, njoo ukae hapa kitandani, unipe mkono, kwa maana maneno mengi ya leo ni yako, na ninayaogopa kuliko ninavyokiogopa kifo. Sikilizeni wanangu, msije mkaulizana baadaye mzee alisema nini.

Nyumba hii msiigawe. Atakayetaka kuishi humu aishi, atakayetaka kwenda aende, lakini paa ni moja na litabaki moja. Chumba cha mbele, kile cha gramafoni, ni cha muuguzi, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba yeye ni wa kupokewa tu, maana mama yenu alimbeba mgongoni kuliko alivyowabeba nyinyi wawili. Sanduku la vifaa vyangu ni la dereva, ingawa najua bisibisi zote zitakuwa zimepotea kabla udongo wa kaburi langu haujakauka. Cheka tu, baba, ndiyo ukweli.

Ya mali yameisha hapo. Nilikaa miaka thelathini na moja nyuma ya kioo cha studio, fundi mitambo, nikarekodi bendi za dansi, kwaya, watangazaji wa sabuni, hata bwana mmoja aliyepiga mluzi albamu nzima, na katika yote yaliyopita mikononi mwangu nimebakiza santuri tatu, ziko kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda hiki. Watu hudhani nazipenda zote kwa nyimbo zake. Mbili, ndiyo.

Ya jalada la bluu ni yako, dereva. Niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, kabla sijanunua hata viatu, na siku niliyokwenda kwa akina mama yenu kujieleza nilikwenda na santuri hiyo kwapani na ndala miguuni, babu yenu akauliza huyu ni mchumba au mchuuzi. Wimbo wa tatu una mkwaruzo, sindano ikifika pale huruka na kumkatisha mwimbaji neno, na mkwaruzo huo ni wako wewe, ulikuwa na miaka minne, ukaendesha kigari chako cha bati juu yake. Nilikuchapa siku hiyo. Lakini sikiliza: nilipokuja kuusikia wimbo ule kwenye santuri nzima ya mtu mwingine, bila ule mruko, niliona kama umepungukiwa kitu, nikajua kwamba albamu ninayoipenda ni ile uliyoiharibu. Ichukue, na ukichapa watoto wako, chapa kidogo.

Ya jalada la kijani ni yako, fundi cherehani. Ndani yake kuna mwanamke mmoja na gitaa moja, basi, wala hapigi kelele. Mama yenu alipougua mara ya mwisho hapa nyumbani aliitaka kila asubuhi, akaimba pamoja nayo, na mnajua mama yenu, Mungu amrehemu, sauti ilikuwa inapita juu ya wimbo inaelekea kwingine kabisa. Mimi fundi wa masikio, niliyewatoa waimbaji studioni kwa kosa dogo kuliko hilo, nilikuwa nakaa pale mlangoni naomba asinyamaze. Siku aliponyamaza santuri iliendelea peke yake. Sijaipiga tena tangu siku hiyo, wewe uipige.

Sasa ya njano. Nipeni maji kidogo.

Hii mnaijua, kila nyumba iliwahi kuwa nayo, bendi kubwa, harusi zote zilichezwa kwayo. Na mnajua nilivyokuwa nikiipiga Jumapili mchana, nimekaa karibu na spika nimefumba macho. Mlikuwa mkiongea wimbo ukiimbwa, mkagombana, mkavunja vikombe, sikuwaambia kitu. Lakini wimbo ukiisha, kabla wa pili haujaanza, ole wake atakayefungua mdomo! Wewe dereva ulipata kibao kwa kupiga chafya. Mkaambizana baba amechanganyikiwa, anasikiliza mahali pasipo na wimbo. Mlikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu siri ya mtungi aijuaye ni kata, nami nilikuwa kata na mtungi pia.

Kila chumba kina kimya chake, wanangu. Studio zetu zilikuwa na desturi moja: kabla bendi haijaanza, fundi anawaambia wote wasimame walipo, wasiguse chombo, wasiseme, na kanda inazunguka dakika nzima ikirekodi kimya kitupu. Baadaye, unapopanga albamu, unakikata kimya kile kwa wembe vipande vipande, unakiunga kati ya wimbo na wimbo, maana ukiweka kanda tupu isiyo na pumzi ya chumba, msikilizaji hushtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Ndiyo kazi niliyoijua kuliko watu wote.

Mdogo wangu tulimwita Chiriku, kwa kuimba na kwa maneno mengi. Mama yako, muuguzi, alikuwa ametangulia siku uliyozaliwa, na Chiriku, baba yako, alikuja studio akiwa amekuacha kwa mama yenu, ana nyimbo nane, ana mpiga gitaa, na yule mpiga ngoma anayekaa nyuma ya kiwanda cha mikate. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Tulirekodi siku mbili, mchana, na sijawahi kusikia kitu kama kile, wala sitasikia. Utotoni mimi ndiye niliyeanza kuimba, yeye akawa ananifuata nyuma, mpaka siku moja watu wakawa wanamwita yeye tu. Tulipomaliza akawaambia wenzake, kwa utani wake ule, “Kaka yangu ana masikio ya dhahabu, ila koo alipewa la chura.” Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Wiki ya pili meneja akaja, bendi kubwa imefika, kanda mpya hakuna mpaka mwezi ujao, akasema, “Chagua moja hapo rafuni, futa, urekodie hiyo.” Palikuwa na kanda mbili. Moja ni matangazo ya sabuni yaliyokwisha kutangazwa, hayana kazi tena. Ya pili ni ya Chiriku. Nikaichukua ya Chiriku. Sikulazimishwa na mtu, sikukosea rafu, taa ilikuwa inawaka na jina lake nililiandika mwenyewe kwenye boksi. Kabla ya kufuta nilikata kwa wembe ile dakika ya kimya ya mwanzo nikaitia mfuko wa shati, na mpaka leo sijui kwa nini. Kisha nikakaa pale nikaziacha nyimbo nane zifutike moja moja, na kufuta hakuna kelele, wanangu, kanda inazunguka tu kama siku zote.

Nikamwambia imeliwa na unyevu. Yeye ndiye akanifariji! Akanipiga bega, “Haidhuru, kaka, usijilaumu. Kifua kikipoa tutarekodi upya.” Miezi mitatu baadaye nikashika jeneza lake mbele, na wewe ukabaki mikononi mwa mama yenu, unanitazama.

Umeuondoa mkono wako. Sawa. Usiurudishe kwa kunionea huruma, mimi ninayelala hapa ndiye niliyekujibu, ulipokuwa darasa la nne ukaniuliza kama baba yako aliwahi kurekodi, kwamba hakuwahi. Ulikwenda uani ukajikunyata karibu na pipa la maji, nikakuona, nikarudi ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeshafika hapo mlangoni.

Basi nisikilize mpaka mwisho. Ile bendi kubwa ilikuwa na haraka, haikunipa hata sekunde ya kimya. Nilipokaa kupanga albamu yao nikakosa cha kuweka kati ya nyimbo, nikatia mkono mfukoni. Kimya chote kilichomo kwenye santuri ya njano, nafasi sita, ni cha baba yako amesimama mbele ya maikrofoni anangoja nimpe ishara. Anapumua. Nyumba zote zilizocheza albamu ile zilikuwa na pumzi zake ndani, na hakuna aliyejua. Wewe unasikiliza vifua vya watu kila siku, utakijua kifua chake, kina mkwaruzo upande wa kulia, kama hiki changu unachokisikia sasa. Na nafasi ya mwisho, upande wa pili, kabla ya wimbo wa nne, aliinua uso akanitazama kupitia kioo akasema polepole, karibu na kunong'ona, “Kaka, uko tayari?” Ningeweza kuyakata maneno hayo. Wembe ulikuwa mkononi. Nikayaacha.

Toka hapo hakuna kimya duniani nilichokaa nacho salama. Birika likiacha kuchemka, namsikia. Mvua ikikatika, namsikia. Nikiwa kazini nikafuta desturi ile, nikawaambia wanamuziki siku hizi haitakiwi, kumbe nilikuwa naogopa kuwasha mashine kwenye chumba kinachonyamaza. Ninyi mlidhani nasikiliza santuri ile kwa mapenzi. Nilikuwa nakwenda kuripoti kwake.

Na yule mpiga ngoma. Alikuja hapa mlangoni akaniambia, “Unyevu hula kanda kipande, hauli yote.” Nikamfukuza, nikawakataza nyinyi hata kumwamkia njiani. Miaka yote hii mmekuwa mkivuka barabara kumkwepa kwa amri ya mwongo. Nendeni kwake nyote watatu, mmwamkie kwa heshima, mmwambie alikuwa na haki. Anazikumbuka nyimbo tatu katika zile nane, nimemsikia akiziimba kwa kinywa kilichofumbwa anapopita hapa, ananiimbia makusudi. Muuguzi, mwambie akufundishe kabla naye hajaondoka.

Msamaha sikuombi leo. Ningeuomba ungeona aibu kuninyima, nawe si wa kulazimishwa na mgonjwa. Santuri ni yako. Ukitaka kuivunja, ivunje, lakini isikilize kwanza.

Unakwenda wapi? Ah... ndiyo, hilo sanduku. Ya njano iko chini. Shika pembeni, usiguse katikati. Dereva, mfungulie mlango wa chumba cha mbele, acheni wazi tusikie wote. Upande wa pili. Weka sindano mwanzo wa wimbo wa tatu.

Haya. Hao hapo, wenye haraka.

Njooni karibu, sauti inaniishia. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini mimi sikugombana na ndugu yangu, nilinyamaza nikamfanyia ubaya. Nyinyi gombaneni. Semeni. Kikiwauma kitu kisilale nanyi. Mungu awape masikio, awape na koo la kusema mlichosikia. Awalinde barabarani, kwenye sindano, wodini. Watoto wenu wawazike, msiwazike. Mnizike bila maneno mengi... karibu naye kama pana nafasi, na kama muuguzi atakubali. Akikataa, kokote.

Umerudi. Kaa. Si lazima unishike... Unafanya nini na vidole vyako hapo, unahesabu pumzi zangu? Acha zangu, mwanangu. Hesabu zake.

Nyamazeni sasa. Wimbo unaisha.