Spika Mbili za Nyuma za Nicanor Odhiambo

Shilingi elfu arobaini na tano, Zacharia, umezitaja tena leo, kwanza kwa mchungaji na halafu kwa watu waliopanga foleni ya chai, na mimi ndiye nimesimama hapa na karatasi ya historia ya ndugu yangu, kwa hivyo afadhali nikujibu kwa kipaza sauti kila mtu asikie, tusirudie. Hizo pesa kamati ya mazishi ilichanga, mimi mwenyewe nikakuletea Jumanne hadi sebuleni kwako, ukaziangalia, ukasema si pesa unayotafuta. Basi usizitaje tena. Wageni mtuwie radhi, tumechoka, tangu juma lililopita hakuna aliyelala vizuri katika nyumba hii. Mimi ni Calvince Awiti, mdogo wake marehemu, fundi wa redio hapa Ruiru, shule sikwenda mbali, umeme nilijifundisha kwa kufungua vitu vilivyokufa, na wanaonijua wanajua huwa nasema kitu kilivyo. Familia imeniambia nisome, nitasoma.

Marehemu Nicanor Odhiambo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, karibu na Ugunja, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Awiti na marehemu Mama Viola, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1965, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1971, akaendelea hadi kidato cha nne mwaka wa 1975, karo ikitoka kwa ng'ombe hadi zizi likabaki na ndama, akakaa nyumbani akilima, na mnamo Februari 1977 akaja Thika kwa mjomba wetu, akaandikwa katika kiwanda cha nguo Eneo la Viwanda, mwanzoni akibeba marobota ya pamba, baadaye akahamishiwa idara ya umeme, ambako alifanya kazi katikati ya mashine za kufuma mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2013.

Shemeji yangu, mjane wa marehemu, aliniomba nisimtaje Zacharia sana, lakini sijui jinsi ya kuandika maisha ya Nicanor nikamruka Zacharia, ningebaki na nusu ukurasa. Walikutana kiwandani, mmoja kutoka Ugunja, mmoja kutoka hapa Ruiru, na mwaka wa 1981 msimamizi mmoja Mzungu alipokuwa akirudi kwao aliuza vitu vyake vyote nyumbani kwake, upande wa Chania, wafanyakazi wakaenda, huyu akanunua friji, yule kitanda, na hawa wawili wakasimama mbele ya boksi la santuri za roki, zile za vijana wa Ulaya wenye nywele mpaka mabegani, pamoja na gramafoni na spika zake mbili. Hakuna aliyekuwa na pesa za kutosha. Kila mmoja akatoa nusu, wakakubaliana boksi likae mwezi mmoja Thika kwa Nicanor na mwezi mmoja Ruiru kwa Zacharia, na likasafiri hivyo miaka mingi likiwa limefungwa ndani ya blanketi. Watu wa kwetu walimwuliza Nicanor muziki wetu wa benga ulimkosea nini, watu wa Zacharia nao walimwuliza kama kanisani wanajua, na hao wawili hawakujali, kila kitu walinunua vivyo hivyo, sindano za gramafoni, kanda, mashine ya kanda, nusu kwa nusu, bila kuandikiana chochote, na sijawahi kusikia wakigombania senti. Hilo nalisema Zacharia akiwa anasikia.

Tarehe 8 Desemba 1984 marehemu alifunga ndoa na Auma, ambaye mnamwona pale mbele, wakajaliwa watoto wawili, Trizah mwaka wa 1986, ambaye ni muuguzi Uingereza na amefika jana, na Marvin mwaka wa 1990, ambaye ni dereva Thika, na mwaka wa 1998 familia ikahamia ploti hii, mlango wa tatu kutoka kwa Zacharia, ndipo lile boksi likaacha kupanda gari.

Sasa nifike mwaka wa 2016, ambao ndio uliotuleta kwa haya ya leo. Trizah alimtumia baba yake diski moja, albamu iliyokuwa ndani ya lile boksi la Mzungu, nyimbo zile zile, lakini wataalamu walikuwa wamerudi kwenye kanda za studio, wakachukua kila chombo wakakitafutia pahali pake, spika tatu mbele na mbili nyuma, ili msikilizaji akae katikati kama aliyeingia ndani ya bendi yenyewe. Waliulizia bei mjini, mashine na spika tano shilingi elfu tisini, kila mmoja akatoa nusu, elfu arobaini na tano, kama kawaida yao, nami nikafunga nyaya, na kwa vile sebule ni ndogo spika moja ya nyuma ikakaa karibu na mlango wa jikoni. Jumapili baada ya kanisa wakawasha. Gitaa likatokea jikoni. Shemeji Auma akachungulia na mwiko mkononi akauliza, "Baba Trizah, nani amefungulia watu huku?" Zacharia akageuka, akatazama nyuma, akageuka tena mbele, akasema, "Nicanor, huyu mpiga gitaa nimemjua miaka thelathini na tano akiwa amesimama pale kushoto, nani amempeleka jikoni?" Na Nicanor akamjibu, "Amechoka kusimama, ameenda kuulizia chai."

Tulicheka siku hiyo. Hatukujua tunacheka mwanzo wa ugomvi utakaokaa miaka tisa. Zacharia alisema waliotengeneza albamu walikaa mbele ya spika mbili, wakasikia, wakaridhika, wengine wamekufa, na kuwahamisha leo ni kama kuingia nyumba ya mtu ukasogeza kitanda chake wakati ameenda sokoni, tena yeye ana masikio mawili, hakuzaliwa na matano. Nicanor alisema, "Kiwandani kelele ilinizunguka pande zote nne na hakuna aliyeniuliza, sasa acha muziki nao unizunguke." Trizah alituma diski nyingine, na nyingine, na kila moja walianza upya, hii imeharibiwa, hii imefunguliwa, na wakichoka wananiita mimi niamue kwa sababu ni fundi, nami nikawaambia kufunga spika mbili ni bei moja na kufunga tano ni bei nyingine, mniache. Lakini kila Jumapili walikuwa pamoja, na hilo lazima lisomwe.

Mwaka wa 2023 madaktari waligundua figo za marehemu zimeanza kushindwa, akaanza kusafishwa damu Thika, mara mbili kwa wiki, na mtu akitoka pale huwa hana nguvu wala subira, na Zacharia alijua hivyo. Tarehe 9 Machi mwaka huu, mbele ya wageni, Nicanor akasema Zacharia anapenda stereo, yaani spika mbili, kwa sababu masikio yamezeeka, hayafiki nyuma. Lilikuwa neno baya. Zacharia akasimama akasema anataka nusu yake, leo, na spika tano hazigawanyiki, kwa hivyo akaomba bisibisi kwangu, mimi nikakataa, akatumia kisu cha meza, akafungua zile mbili za nyuma akasema, "Nachukua zile nilizosema tangu mwanzo hazina kazi." Nicanor akamwambia, "Beba, na urudishe mlango." Watu wazima, wote wanapokea pensheni.

Kuanzia Juni marehemu hakuweza kukaa kwenye kiti, tukahamishia kitanda sebuleni, pale pale katikati ambapo sauti zinakutana, akawa anasikiliza diski zake kwa spika tatu za mbele tu, na wasiojua mambo haya niwaeleze, kile kilichowekwa nyuma hakiji mbele chenyewe, kama gitaa liko nyuma na nyuma hakuna kitu, hakuna gitaa. Nilimwambia ni kubonyeza tu, naweza kuiambia mashine kwamba spika za nyuma hazipo, ikamletea kila kitu mbele, au achague stereo, iko ndani ya diski ile ile. Akasema, "Calvince, ukigusa hiyo, Zacharia ameshinda." Basi akalala hivyo miezi minne akisikiliza nyimbo zenye mashimo, na ikifika pahali pa gitaa panakuwa kimya, ananyoosha kidole hewani, anangoja lipite, halafu anaendelea kusikiliza. Nilikasirika. Nilimwambia yeye ni mjinga, na nilimwambia Zacharia barabarani kwamba yeye pia ni mjinga, sikuona sababu ya kubagua.

Zacharia alikuwa akisimama langoni kila Jumapili, anamsalimia shemeji, anauliza habari ya mgonjwa, haingii. Nicanor akisikia sauti anauliza, "Ni nani?" Anaambiwa ni Zacharia, Baba Eddie. "Amekuja na nini?" Anaambiwa amekuja mikono mitupu. "Haya." Na shemeji anafunga lango.

Ijumaa tarehe 3 Oktoba, akiwa amelazwa Thika, marehemu alituambia mimi na shemeji kwamba akifika nyumbani Ugunja, kabla ya kuwekwa kaburini, ile albamu ya kwanza aliyotumiwa na Trizah ipigwe yote, watu wakae katikati, kwa spika tano, na akarudia, tano, si tatu na si mbili. Hakuomba kitu kingine. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Wengine hapa wamenishauri ninunue spika mbili nyingine, au nikodishe. Naweza. Lakini ndugu yangu hakutaka spika za dukani, alitaka zile, na mimi sitampigia tano za kudanganya.

Jumanne nilipotoka kwako, Zacharia, mkeo Wamboi, Mama Eddie, alinisindikiza hadi langoni, na Wamboi unisamehe, sijui kuficha mambo. Nilimwuliza zile spika umeziunganisha na nini. Akaniambia hujaziunganisha na chochote, tangu Machi ziko nyuma ya kiti chako, moja kila upande, hazina hata waya, na Jumapili unakaa hapo unasikiliza zako mbili za mbele na hutaki mtu azisogeze, hata siku ya kupiga deki. Sikusomei hili nikuaibishe. Ndani ya basi la kwenda Ugunja kuna nafasi, iko kando yangu, na kesho jioni utakaa katikati pamoja na sisi, na ukitaka kusema mpiga gitaa amewekwa pabaya, sema, hakuna atakayekunyamazisha, sisi tumezoea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia bila kumfokea hata alipowafokea, majirani wa ploti hii waliopika na kufagia, waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda waliotoka Thika na Kahawa Sukari, kwaya, mwenyekiti wa kamati Bwana Kaleli, na Kitheka aliyetuazima jenereta yake twende nayo Ugunja bila kutulipisha.

Nicanor, mashine zimezimwa, zamu yako imekwisha, ndugu yangu, lala salama.

Zacharia, basi linaondoka saa kumi. Lete zile spika, zote mbili.