Mkate Uliopita Mlango Wetu

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Honorine na wewe Firmin, mkae pale ninapowaona, kwa maana pumzi yangu imekuwa fupi na sina ya kurudia neno mara mbili.

Nyumba hii na mizabibu ya mteremkoni ni yenu nyote wawili. Mbuzi ni wa Honorine, aliyewakamua kwenye baridi. Firmin, nakujua, unataka kuuza uhamie mji usiojua kwamba baba yako alifungwa mnyororo kule gerezani Toulon kwa wizi wa kondoo. Usiuze. Nami ningeweza kujificha nilipoachiliwa, lakini aibu niliyoitenda hapa ningeifutia wapi kwingine?

Sitawaficha, nimechoka kungoja. Kila Jumapili nyumba moja huleta mkate kanisani, padri akaubariki, watu wakaula, kisha kipande kimoja hupelekwa nyumba ya pili kuwaambia kwamba zamu ni yao. Tangu mama yenu yu hai, kipande hicho hutoka kwa mama Rouvière, kikapita mlango huu kimefunikwa kitambaa cheupe, kikaenda kwa Bastide. Mama yenu alikuwa akifagia kizingiti kila zamu ilipokaribia, maskini, hata nikamwuliza, "Unamfagilia nani, mke wangu?" Akasema, "Namfagilia mwenye macho." Akafa anafagia.

Kisima cha uwanjani nilikichimba mimi, na maji yake ndiyo wanayokandia mkate wanaoninyima. Bastide akipotelewa na kuku, mguu wake wa kwanza ni jikoni kwetu.

"Mzee Combal, leo mmepika nini?"

"Kabichi, bwana Bastide. Karibu uonje."

"Mchovya asali hachovyi mara moja," asema, huku anafunua chungu. Na kuku akirudi na vifaranga vyake, haji kuniambia.

Leo asubuhi mama Rouvière amekuja, mmemwona, kaweka kipande mezani akitazama sakafu. "Ni zamu yenu, mzee. Miaka yote niliogopa ulimi wa Bastide." Leo, nikiwa sina hata jino la kukitafunia. Firmin, nimeuona mkono wako, ulitaka kumtupia mgongoni. Usithubutu. Hasira yangu ina mvi, yako haijaota ndevu.

Honorine, kanda unga mweupe, usibane mayai wala siagi, na maji yawe ya kisima chetu. Jumapili ikinikuta nimekufa, mkate usichelewe kwa ajili yangu. Maiti hana haraka.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Nyumba inayotufuata kwa zamu ni ya Bastide. Najua mnachowaza, turuke mlango wake naye aonje, kwa maana nimekiwaza mimi tangu asubuhi, na kilikuwa kitamu. Lakini mkimruka, watasema mwizi hakufa, amewaachia watoto moyo wake, nao watakuwa wamesema kweli. Firmin, kipande utakipeleka wewe, si dada yako. Piga hodi. Akikataa kupokea, kiweke kizingitini juu ya kitambaa safi, urudi bila neno.

Mungu awape mlango usiopitwa... awape... Honorine, maji kidogo. Ya kisima. Naam.

Fagieni kizingiti, kama mama yenu... Na kwa Bastide, Firmin... piga hodi taratibu.