Miaka Thelathini na Sita ya Bi Hodi Kwenye Chumba Cheusi

Nina miaka sabini na minne. Nimeona wakuu wa maabara watano wakija na kuondoka, wawili kati yao nimebeba majeneza yao kwa bega hili. Nimeishi muda mrefu kuliko lifti mbili, majokofu kumi na moja na daktari mmoja aliyesema sitamaliza mwaka. Nimestaafu mara mbili na mara mbili wameniita, maana hakuna mwingine anayejua kubeba naitrojeni, umajimaji wa baridi kali, bila kuimwaga. Kwa hiyo mkuu wa sasa aliposema atafutwe mtu wa kuandika habari za Bi Hodi, nilimwambia asihangaike, mtu yupo. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho yangu hayakuishia hapo.

Bi Hodi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na sita. Hakukosa kazi ila siku alizojifungua na siku alizozika. Alikuja akiwa msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, akakabidhiwa hadubini ya elektroni, mtambo mrefu kupita kabati la nguo. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango siku ile, na mtambo ule nilikuwa nimeupangusa vumbi kabla yeye hajauona. Hilo liandikwe.

Wageni wetu leo wengi hawajui kazi yake, basi nitaeleza. Mgonjwa anachukuliwa kijinyama kidogo, tuseme cha figo. Kinagandishwa ndani ya gundi ngumu, kisha kinakatwa kwa kisu cha kioo. Chukua karatasi moja, uipasue ubapa iwe karatasi elfu. Huo ndio wembamba wa kipande chake. Kinawekwa juu ya kisahani cha shaba chenye matundu kama chekecheke, kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga. Kisahani kinaingia ndani ya mtambo, taa zinazimwa, na picha inatokea kwenye kioo cha kijani. Ila mwali wa elektroni unaoonyesha picha ndio huohuo unaounguza. Ukikitazama kipande sana, kinatoboka. Bi Hodi alikuwa akisema kazi yake ni kutazama kwa adabu.

Chumba chake kiko chini ya jengo. Hakina dirisha, kuta zimepakwa rangi nyeusi. Upande mmoja kuna droo mia mbili na arobaini, nimezihesabu, na ndani yake vijinyama vya watu wote waliowahi kuletwa, waliopona na waliokufa, kila kimoja na namba yake. Humo mchana na usiku ni mamoja. Mtambo unanguruma taratibu kama mtu aliyelala na koo lina kohozi.

Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye chumba hicho kisicho na mtu, Bi Hodi alisimama mlangoni, akagonga mara mbili na kusema, "Hodi." Akangoja kidogo. Ndipo akaingia. Mwaka wa kwanza nilimcheka mpaka nikashika ukuta. Nilimuuliza, "Binti, nani atakuitikia, ndoo yangu?" Akanijibu, "Mzee wa Moshi, mle mna watu wengi kuliko kijiji. Wewe ukiingia kwa watu huwa unavamia tu?" Mzee wa Moshi ndiyo jina alilonipa, kwa sababu ya ule mvuke wa naitrojeni ninayoipeleka kupoza mtambo.

Mimi sikuwahi kupiga hodi. Nilikuwa na funguo, hodi ya nini? Lakini nisiwe mwongo mbele ya watu wazima. Mara kadhaa niliingia peke yangu, nikaweka chupa ya naitrojeni chini, mvuke ukatambaa sakafuni mweupe kama maziwa, halafu ukapasuka katikati, ukaacha njia ya upana wa mtu mmoja kutoka kwenye droo mpaka mlangoni. Na kiti cha Bi Hodi, mwenyewe akiwa bado hajafika, nilikigusa nikakikuta kina joto. Sikumwambia mtu. Nilisema ni mashine.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita mke wangu alivimba. Ilianza miguu, ikapanda uso, viatu vikakataa kuingia, na akilala alihema kama anayepanda mlima. Daktari wa figo alimchukua kijinyama. Baada ya sindano ile damu haikutaka kukatika, akalazwa siku mbili, na daktari akasema hawezi kumchoma tena. Hadubini ya kawaida haikuona kitu. Daktari akasema kuna maradhi mawili yanayofanana. Moja linasikia vidonge. Lingine vidonge hivyohivyo vitammaliza. Mtambo wa chini ndio pekee ungeyatenganisha.

Mimi sikujua kama kijinyama chake kimefika kwetu, maana kwetu watu huja kama namba. Bi Hodi alikuwa amekikata chote, akapata visahani vinne, akavianika mezani juu ya karatasi yenye namba ya mgonjwa. Nikaingia kwa kishindo, mlango ukavuta upepo, visahani vitatu vikaruka sakafuni. Hakunigombeza. Alichora duara kwa chaki pale vilipoangukia, akasema, "Mzee wa Moshi, usiguse hapa, nafuata tochi na kibano." Akatoka.

Nikaliona duara lile. Chaki, kwenye sakafu yangu, niliyoing'arisha asubuhi hiyohiyo! Nikasema huyu mtoto hawezi kunifundisha usafi. Nikapitisha tambara lenye maji mara tatu na kulikamulia kwenye bomba la maji machafu. Aliporudi na tochi akakuta sakafu inang'aa. Akapiga magoti kwa muda mrefu akimulika patupu.

Jioni mke wangu alinionyesha kadi yake ya hospitali. Herufi zinanisumbua, tarakimu hazinisumbui. Ilikuwa namba ileile iliyokuwa kwenye ile karatasi mezani.

Nilimfuata Bi Hodi asubuhi nikamwambia kila kitu, na kofia nimeivua. Akaitazama ile karatasi mezani. Kisha akasema, "Kimebaki kimoja. Njoo saa nne, usimame mlangoni kwa ndani, mtu asipite."

Saa nne alikuja mbio pamoja na daktari wa figo. Lifti ilikuwa imezimwa, feni zimezimwa, pampu ya uani imezimwa, ili jengo lisitikisike. Tukaingia watatu. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikajaza tambara mdomoni ili nisiguse hata hewa. Taa zikazimwa. Nikauona uso wake ukigeuka kijani, kama uso wa mtu aliye chini ya maji. Akaingiza kisahani.

Picha ilitetemeka. Ilitetemeka kama kitu kinachotikiswa kwa mkono, ikitulia na kuanza tena. Daktari akanong'ona, "Ni lori barabarani?" Barabara ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Bi Hodi akaufunika mwali upesi, kipande kisiungue. Akakaa gizani, nami nikasikia anavuta pumzi.

"Leo nimeingia kama mwizi," alisema.

Akainuka, akapapasa mpaka mlangoni, akatoka, akaufunga. Tukabaki mimi na daktari na zile droo. Kisha mlango ukagongwa mara mbili, taratibu. "Hodi jamani. Nisameheni, nilikuwa na haraka ya mgonjwa."

Na pale gizani mtu akaitika, "Karibu."

Sauti haikuwa kubwa. Ilitoka upande wa droo, nzito kidogo, kama wengi wanaosema neno moja kwa kinywa kimoja. Mpaka leo daktari anashikilia kwamba aliyeitika ni mimi. Nilikuwa na tambara mdomoni. Mimi nikadhani ni yeye, lakini yeye alikuwa amenishika mkono upande wangu wa kulia, na droo ziko kushoto.

Bi Hodi akaingia, akakaa, akaufungua mwali. Picha ilikuwa imetulia tuli. Akapiga picha moja, ya pili, ya tatu, na kabla ya ya nne kipande kikatoboka katikati kama shuka iliyoguswa na sigara. Tatu zilitosha. Daktari alizitazama akasema vijidole vya seli za figo vimelala. Vikilala, maradhi yanasikia vidonge. Wiki ya nne mke wangu alivaa viatu vyake akaenda sokoni kugombana na watu.

Uchunguzi ulifanywa kuhusu vile visahani vitatu. Bi Hodi aliandika, "Vimepotea mikononi mwangu." Akapewa barua ya onyo, na mwaka ule cheo alichongojea akapewa mwingine. Nilikwenda kumwambia nitasema. Akanikataza: "Wewe una watoto wadogo, watakufukuza. Mimi watanikaripia tu." Nami, mwanamume niliyejisifu kwa kila kitu, nikanyamaza miaka ishirini na miwili.

Leo nasema. Barua ile iliyo ndani ya faili lake ni yangu. Naomba mkuu aitoe kabla ya Ijumaa, aitie kwenye faili langu. Langu lina nafasi.

Zaidi ya hayo amefundisha wataalamu kumi na wanane, na wote wanapiga hodi, hata wale wenye shahada tatu. Amepiga picha elfu arobaini na zaidi, na hakuna kipande alichokiunguza kwa tamaa ya kuona zaidi ya alichohitaji. Jumatatu ijayo, huyo mrithi wake akisahau kubisha, nitabisha mimi. Na atakayeniuliza nitaitikiwa na nani, aje asimame nami, mdomo ameuziba.

Bi Hodi, ahsante. Huko uendako, milango ikufungukie kabla hujaigonga.

Anayetilia shaka maneno haya amuulize daktari wa figo, amekaa meza ya kwanza. Akimaliza amuulize mke wangu, yuko pembeni yake, amevaa viatu vyekundu. Miaka ishirini na miwili amekuwa akimwita Bi Hodi mwanamke mwenye mikono ya sabuni, inayoponyokwa na vitu, kwa kuwa hakujua sabuni ilikuwa mikononi mwa nani. Katika ndoa yetu hajawahi kukubali hata neno langu moja. Hili atalikubali. Anayewasomea maneno yangu haya akifika hapa, mtamwona mke wangu ameshanigeukia.