Mlima Unaotazama Mpaka

Sogezeni viti vyenu, wanangu, wewe Odette huku upande wa dirisha na wewe Roland hapo karibu na jiko la kuni, mkae mahali ninapoweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo, kwa maana shingo yenyewe imeanza kunigomea. Daktari amenieleza hali yangu, naye ni mtu mkweli, hakunizungusha. Kwa hiyo leo nitasema nikiwa bado na pumzi ya kusemea, nanyi mtanisikiliza mpaka mwisho. Roland, zima hiyo simu. Odette, acha kunifunika blanketi, sisikii baridi.

Nianze na madogo. Lile karai kubwa tunalochemshia utomvu mtamu wa miti mpaka uwe sharubati ni la jirani yetu Horace Lafleur, si letu. Alituazima msimu ule letu lilipotoboka. Mrudishieni kabla miti haijaanza kutoa, na mumpelekee na chupa ya sharubati ya kwanza, ile nyepesi ya rangi ya dhahabu. Najua mimi na yeye tulinuniana miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe wake aliyeingia kwenye mahindi yangu. Ng'ombe yule alishakufa zamani, na ugomvi ufe naye. Mnizike kando ya mama yenu Bernice ardhi ikishayeyuka. Mpaka hapo nitakaa kwenye chumba cha mawe pale makaburini, kama wanavyokaa wote wanaokufa majira ya baridi hapa kwetu, na msinionee huruma, nitakuwa na subira kuliko nilivyowahi kuwa nayo.

Nyumba hii, zizi, ng'ombe na mashamba ya bondeni ni vyako, Roland, kwa kuwa ndiye uliyebaki ukavitunza. Msitu wa miti ya utomvu ni wenu nyote wawili, kwa sababu kazi ile mtu mmoja hawezi, huyu akichochea moto yule sharti achote. Hapo najua hamna ubishi. Ubishi uko juu, kwenye malisho ya mlimani.

Mnakumbuka kabla ya Krismasi walikuja watu wawili wa ofisi ya mpaka. Walifuta viatu vyao vizuri mlangoni, wakanywa kahawa yangu bila kukunja uso, jambo linaloonyesha malezi mema, wakaniomba kile kilele. Wanataka kusimamisha mnara wenye kamera zinazoona mchana na usiku, kwa kuwa ukisimama pale unaiona Kanada mpaka kwenye minara ya makanisa ya Quebec. Sikuwacheka. Majira ya baridi yaliyopita Horace alimkuta mama mmoja ndani ya banda lake la nyasi kavu, vidole vimekuwa vyeusi kwa barafu, ametupwa na watu waliomwahidi kumvusha. Kungekuwa na mtu anayetazama kutoka juu, mama yule angeonekana mapema. Na wale wanaovusha watu huvusha na mengine tusiyoyataka. Odette ameyasema hayo, na ni kweli. Roland naye amesema kwamba mnara unaoiona Quebec utaliona na bonde letu lote, nani amekwenda kanisani, gari la nani limelala nyumbani kwa nani, na kwamba jicho likishawekwa pale juu hakuna anayejua litageuziwa wapi siku wakubwa watakapobadilika. Hayo nayo ni kweli. Niliwaambia wageni wale kwamba jibu watalipata theluji ikiyeyuka, kutoka kwa mwenye mlima. Sasa mwenye mlima anaondoka, nanyi mmekaa hapo kila mmoja ameshikilia magoti yake, mnangoja kusikia mwenye mlima ni nani.

Ngojeni kidogo. Nipe maji, Odette. Kidogo tu.

Kabla sijataja jina, nataka mkumbuke ule mkutano wa mji wa mwezi Machi, tunapopigia kura mambo yetu wenyewe, majengo ya New York yalipokuwa yameanguka na Washington imetunga zile sheria mpya za usalama. Mlikuwepo nyote, lakini mlikuwa na hasira, na hasira haikuwaacha mtazame. Mimi nilikuwa mbele na kinyundo changu cha mwenyekiti, niliona nyuso zote. Ukumbi ulinuka maharage ya kuoka na makoti yaliyolowa theluji. Roland ulikuwa umeleta azimio kwamba mtu wa mji huu asichunguzwe anachosoma wala anachosema bila kibali cha jaji, na konstebo wetu asitie mkono katika kazi hiyo. Ulilileta kwa sababu ya Winifred Stroud wa maktaba, Mungu ampumzishe. Wanaume wawili wenye makoti marefu walikuwa wamemwendea, wakamwuliza kwa upole yule kijana mgeni wa kiwanda cha mbao anaazima vitabu gani. Winifred, mwanamke mfupi kama pipa la siagi, aliwaambia, "Leteni kibali cha jaji, nami nitawachemshia chai mkiwa mnakifuata." Mmoja wao akavua kofia, akamwambia, "Mama, una haki," wakaondoka. Mimi namheshimu Winifred, na huyo aliyevua kofia pia namheshimu. Wote wawili walijua mwisho wa ruhusa yao uko wapi.

Basi ukumbi ukapamba moto. Horace akasema anayeficha kitabu ana la kuficha. Winifred akamjibu kutoka nyuma, "Horace, nikitangaza unavyoazima wewe, mkeo atakuhamisha ulale na ng'ombe!" Watu wakacheka mpaka madirisha yakatoa jasho. Nikaona kura inakwenda kwa Roland waziwazi. Ndipo Odette ukasimama. Ulikuwa umekuja kutusaidia kuchemsha utomvu, bado umevaa buti za mama yako, na kila mtu alijua kwamba unafanya kazi Washington, kwenye ofisi ya usalama usiyoweza kuitaja jina.

Nanyi mnajua desturi ya ukumbi ule. Asiyejiandikisha kupiga kura katika mji huu hafungui mdomo mpaka mwenyeji amwombee na ukumbi umruhusu. Ulikuwa umejiandikisha kwingine. Nikauliza kama kuna anayemwombea mgeni. Mgeni! Mtoto niliyemfundisha kukamua ng'ombe katika zizi hilo hapo nje. Mimi mwenyekiti sikuweza kukuombea, ingekuwa upendeleo. Nikatazama ukumbi. Hakuna aliyeinua mkono. Wale waliokuwa upande wako waliogopa kuonekana, wale waliokuwa upande wa pili walijua wanashinda, kwa nini wakuruhusu? Nikainua kinyundo nikuambie ukae.

Akasimama Roland. Wewe, mwenye azimio. Ulijua dada yako ana ulimi mkali na mambo aliyoyaona kwa macho yake, ulijua akisema atakushinda, na ungekaa tu, bila kosa lolote, ungeshinda. Ukasema, "Mwenyekiti, naomba ukumbi umruhusu Odette Gauthier azungumze." Horace akapiga kelele, "Aseme! Analipwa kwa kodi zetu, tuone kama anafanya kazi!" Hakuna aliyepinga.

Nawe ukasema, binti yangu, na ulisema vizuri mno. Ulieleza asubuhi ile Washington nayo iliposhambuliwa, ulivyomtafuta rafiki yako mchana kutwa ukipiga simu isiyopokelewa. Ulisema ofisi moja ilijua kipande cha njama ile na nyingine ilijua kipande, na sheria za wakati ule zilizikataza kuambiana. Ulisema, "Mnataka tufumbe macho, halafu kesho mtuulize kwa nini hatukuona." Hapo ungekaa, ingetosha. Lakini ukaongeza, "Kaka yangu analala usingizi mnono kwa sababu kuna watu wanaokesha, halafu asubuhi anaamka anawatukana." Watu wakacheka, na safari hii walimcheka Roland. Tulipowasimamisha kuwahesabu, azimio likaanguka kwa tofauti ya kura chache. Wakati wa chakula Roland ukachukua sahani yako ukaenda kula peke yako ndani ya gari, kwenye baridi ile. Tangu siku hiyo mmetugeuza mimi na mama yenu simu ya kupitishia maneno. "Mwambie dada yangu mti wa mlangoni umeanguka." "Mwambie kaka yangu nimesikia." Mama yenu alikufa akiwa amechoka kuwa simu.

Sasa nisikieni, maana pumzi zinapungua na hili ndilo nililowaitia. Nimesimama mbele ya ukumbi ule sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeona watu wakigombea barabara, mbwa, paa la shule. Sijaona jambo lililonifanya nijivunie nchi hii kama kumwona mtu anayeshinda akisimama kumwombea nafasi ya kusema yule atakayemshinda. Roland, najua umeishi ukidhani siku ile uliaibika. Mimi niliinamia karatasi zangu ili watu wasione ninavyotabasamu kwa furaha. Sikukuambia. Watu wa bonde hili hatuambiani mambo ya namna hiyo, tunangoja mpaka daktari aje.

Na wewe Odette, niruhusu niseme lile lako. Ukikataa nitanyamaza. Ameitikia kwa kichwa, Roland, umeona. Dada yako hakustaafu kama mlivyoambiwa, wala hakufukuzwa. Vuli ile aliporudi kutoka Washington akapasua kuni wiki nzima, nanyi mjini mkanong'ona kwamba amefukuzwa, asubuhi moja aliniambia hivi tu: "Baba, niliambiwa nifungue mlango wa watu bila kibali cha jaji. Nikakataa. Basi." Hakuniambia mlango wa nani wala nani alimwamuru, kwa sababu alikula kiapo na kiapo chake anakishika. Sikuuliza. Aliacha kazi aliyoipenda, akavumilia midomo ya watu, na hata wewe ndugu yake hakukuambia kwamba kule ndani, peke yake, pasipo ukumbi wala wa kumpigia makofi, alilitetea azimio lako.

Mwache alie, Roland. Usimtazame sana, hapendi.

Mlima nampa Odette. Wote, kutoka ukuta wa mawe mpaka kileleni, bila sharti. Roland, kaa. Kaa, mwanangu, usiende nje. Mwanasheria ameshaandika na mimi nimeshatia sahihi, lakini nataka ulisikie kutoka kwangu, usije ukadhani nilirubuniwa. Wewe ungewakatalia bila kuwasikiliza, na huenda ungekuwa sahihi, lakini ungekataa kwa ajili ya mkutano ule, si kwa ajili ya mlima. Odette anajua kamera inaona nini na haioni nini. Anajua maswali ya kuwauliza, nani atatazama, atahifadhi kwa muda gani, nani atamtazama mtazamaji. Wakimjibu uongo ataujua, kwa sababu aliwahi kukaa upande ule wa meza. Na mtu aliyewahi kukataa akiwa ndani ninamwamini akiwa nje.

Unauliza, akiwapa je? Uliza kwa sauti, usimung'unye. Akiwapa, mwezi Machi utasimama ukumbini umwambie mbele ya watu wote kwamba amekosea, naye atakaa akusikilize. Haki hiyo sikukupa mimi, wala siwezi kukunyang'anya. Akiwakatalia, na mtu mwingine akakutwa kwenye banda la Horace, basi Odette atasimama na kulibeba hilo mbele ya watu walewale. Hakuna jibu lisilo na gharama, wanangu. Nimelitafuta nikiwa nimelala hapa, sikuliona.

Hapana, Odette. Nyamaza. Naona unataka kuniambia umeamua nini. Usiniambie. Nikijua, nitataka kukuongoza, nitabaki kitandani hapa nakutazama kutoka juu mpaka pumzi ya mwisho, na huo hautakuwa mlima wako tena. Uamuzi ni wako. Nimekuamini, na ninakufa nikiwa sijui. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Nifungulieni kola. Hivyo. Asante, Roland.

Mungu awape macho ya kuona hatari inapokuja kweli, na moyo wa kutoiogopa kuliko inavyostahili. Awape jirani wa kubishana naye. Ng'ombe yule mweupe anakaribia kuzaa, msimwache peke yake. Awape watoto wenu... awape watoto wenu nchi ambayo... nimesahau nilitaka kusema nini. Mtajua wenyewe.

Nipeni mikono. Huu wa nani? Wa Roland, una sugu. Na huu wako, binti yangu, baridi kama wa mama yako. Haya, nauweka huu juu ya huu, nami natoa wa kwangu. Semeni. Si kupitia kwangu, simu imekatika. Semeni lolote, hata mkianza kwa ugomvi. Mimi nafumba macho sasa... na masikio pia... sitasikiliza.